Buhangija: nani anatoa maelezo?

Wadau, huku Kharumwa, Nyang'hwale, ukitaja shule ya watoto wenye ualbino wengi watakutajia Buhangija, Shinyanga. Serikali iliwakusanya watoto pale baada ya mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa miaka ya 2000. Sawa, waliepushwa na mapanga. Lakini Novemba 2022 bweni la shule hiyohiyo likaungua, wanafunzi watatu wakafariki. Jamani!

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, imeandikwa vizuri tu. Mimi nauliza: mabweni haya anayakagua nani, mara ngapi, na ripoti yake inabandikwa wapi? Mzazi anayetoka Kharumwa kumpeleka mwanawe bwenini aisome ripoti hiyo getini, kabla hajapanda basi kurudi.