Nyuma ya filme: mto mmoja, inchi tatu



Kijana mmoja wa kikundi chetu ameniuliza swali. Yeye anapiga video za ndoa na za matanga, anapata franka kidogo, na sasa anataka kufanya filme ya kweli, ile ya hadithi nzima. Anasema: « Mzee, kamera niko nayo, rafiki wa kucheza niko nao. Kitu gani tena kinakosa? » Sikumjibu palepale. Nilimwambia angoje gazeti. Basi, jibu langu ni hili.

Kuko filme moja ilipigwa hapa kwetu Kongo mwaka 1951, jina lake The African Queen. Ni habari ya wakati wa vita ya 1914: mwanamke wa misheni, Rose, na mwanaume mmoja mpenda pombe, mwenye mashua ndogo ya moshi, wanashuka mto mbaya mpaka ziwani ili kuzamisha meli ya vita ya Wajerumani. Kitabu chake kiliandikwa na Mwingereza C. S. Forester mwaka 1935.

Na sisi watu wa Katanga, hadithi ile haiko mbali na sisi. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa treni toka Kusini mpaka Fungurume. Ndiyo, Fungurume yetu! Pale reli ilikuwa imeisha. Walizivuta kwa masini za moshi na kwa ngombe kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, halafu Bukama, halafu Lualaba, mpaka ziwa Tanganyika.  Lakini turudi kwa filme.

Mwongozaji alikuwa John Huston, Mmarekani. Wachezaji wakubwa ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Walifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, wakapanda treni mpaka Ponthierville, sasa Ubundu, wakaingia porini kwenye mto mdogo unaoitwa Ruiki. Kambi ilijengwa kwa miti na majani. Usiku mmoja siafu waliingia ndani, watu wakakimbia.

Shida ya kwanza ni mwanga. Kamera yao ya Technicolor haikuwa na filme moja ndani yake, ilikuwa na tatu zinazopita pamoja, kila moja inashika sehemu yake ya rangi. Kamera ya namna ile ni nzito sana, tena inaomba mwanga mingi, na chini ya miti mikubwa ya msitu kuko giza hata saa sita ya muchana. Kwa hiyo Jack Cardiff, fundi wa picha, alipaswa kuleta mataa. Mataa yanataka umeme, umeme unataka masini ya kuutoa. Wataweka wapi vitu vile vyote, wakati mashua yenyewe ni ndogo, haitoshi watu wawili na chungu cha moshi?

Walitengeneza majukwaa ya mbao yenye kuelea. Juu ya moja waliweka mfano wa mashua, wachezaji wakae ndani na kamera ipate nafasi. Juu ya lingine mataa na vyombo, juu ya lingine masini ya umeme. Na la mwisho lilibeba chumba kidogo cha Madame Hepburn pamoja na kioo chake. Mashua ilivuta mkia ule wote mtoni, sawa kuku na watoto wake. Mzigo ulikuwa mingi mno, wakaacha chumba cha Madame. Siku nyingine mashua yenyewe ilizama, watu wakaivuta kwa kamba na mikono. Kijana wangu, unaona? Ukitazama filme unaona watu wawili tu, peke yao kwenye mto, hakuna hata ndege. Kumbe pembeni kuko kijiji kizima kinachonyamaza!

Toka Kongo walikwenda Uganda, na huko magonjwa yaliwapata: kuhara, malaria. Hepburn aliugua sana. Wanasimulia kwamba alipocheza kinanda katika kanisa la filme, ndoo iliwekwa karibu yake, pembeni ya kamera, maana alikuwa anatapika. Bogart na Huston hawakuugua. Bogart alisema ni juu ya kunywa wiski pahali pa maji. (Wazazi, msinitumie barua! Mimi nasema: maji ya kuchemsha.)

Sasa sikiliza hii. Katika kanisa lile Rose yuko pamoja na kaka yake, mchungaji. Mchezaji wa kaka, Robert Morley, hakukanyaga Afrika hata siku moja. Sehemu zake zilipigwa Uingereza. Na pale Bogart anaposhuka majini kuvuta mashua kwa kamba, ule si mto wetu: ni birika kubwa la studio karibu na London. Waliogopa bilharzia, ule ugonjwa wa kukojoa damu. Hata ile meli ya Wajerumani ilikuwa meli ndogo ya kazi ya ziwa Victoria.

Basi, mtu anaingia majini kule London na anatoka upande wa Kongo. Shati yake lazima iwe chafu pahali palepale. Ndevu lazima ziwe za siku zilezile. Kofia ilikuwa mkono gani? Jasho lilifika wapi? Ukikosa kitu kimoja, watu katika sale watacheka, na miezi ya mateso imekufa bure. Kulikuwa msichana kijana mwenye kazi ile, jina lake Angela Allen. Alikuwa anatazama na kuandika, kila kipande, kila siku, kwenye joto na mbu. Kwangu mimi kazi yake ilikuwa nzito kupita kazi ya Bogart, lakini Bogart ndiye aliyepewa zawadi ya Oscar.

Jibu langu basi, kijana: daftari ndiyo inakosa. Kwenye ndoa, bibi arusi anavaa nguo ile moja mpaka jioni, na ukikosa kitu hakuna atakayekuuliza. Kwenye filme utapiga mlango wa nyumba leo, na ndani ya nyumba baada ya wiki tatu, na rafiki yako atakuwa amenyoa nywele. Tafuta mwenzako mwenye macho na uvumilivu, labda dada yako, umpe kalamu mbele ya kumpa mtu mwingine kamera.

Na siku mtakapopata The African Queen, kaeni pamoja na watoto mcheze mchezo huu: mahali pote miguu ya Bogart iko ndani ya maji, semeni « London! »