Kazi za Mikono: Ndege Ndogo Ikianguka, Iulizeni Sababu

Mwanafunzi mmoja wa Kazimia ametuletea barua ya huzuni. Alitengeneza ndege ya katoni na matete, akairusha ufukoni mbele ya rafiki zake. Ikapanda kidogo, ikasimama angani, ikaanguka kwa pua. Alipoirusha tena, ikaanguka vile vile. Wenzake wakacheka, na baba yake akamwambia, "Tupa takataka hiyo, ukasome." Kijana anatuuliza: je, aichome moto?

Hapana, mwanangu, usiichome. Ndege yako imekwisha kukujibu, ila wewe hujalisoma jibu lake. Kila namna ya kuanguka ina sababu yake, na mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumtazama mgonjwa.

Anza na mizani. Pima upana wa bawa toka ukingo wa mbele hata ukingo wa nyuma, uugawe mafungu manne. Weka kidole kimoja chini ya kila bawa, mwisho wa fungu la kwanza au nyuma yake kidogo, uinue. Ndege yapasa kutulia hapo bila kuinama mbele wala nyuma. Ile inayopanda, ikasimama, ikaanguka, mara nyingi ni nzito mkiani. Bandika udongo wa mfinyanzi puani, kiasi cha punje ya mahindi, ujaribu, kisha uongeze punje nyingine. Lakini ikipiga mbizi mara itokapo mkononi, yaelekea pua ni nzito mno: punguza udongo, au pinda juu kidogo ukingo wa nyuma wa bawa dogo la mkia.

Je, yageukia upande mmoja daima? Itazame kutoka nyuma, jicho moja umelifumba. Huenda bawa moja limejipinda, maana katoni hulegea kwa unyevu. Linyoshe, kisha tazama kama mkia wa wima umenyoka nao.

Shika sharti hili: badili jambo moja tu kwa kila jaribio, uliandike daftarini. Ukibadili mawili pamoja, ndege ikapona, hutajua ni dawa ipi iliyoiponya.

Tena, kosa si la ndege siku zote. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wabelgiji walileta ndege za majini kwenye Ziwa Tanganyika, kusini ya Kazimia, ili kuishambulia Kigoma. Mawimbi ya ziwa kubwa yakawa makali mno kwa ndege kuruka na kutua. Hawakuzilaumu ndege, walihamia ziwa dogo la Tungwe, penye maji matulivu, na mwezi wa Juni mwaka uleule zikafika Kigoma. Nawe basi, usijaribu ufukoni upepo ukivuma. Nenda asubuhi na mapema, hewa ikiwa imetulia, mahali penye majani mengi.

Wenye bahati ya kupata ndege iongozwayo kwa redio wafuate njia ile ile. Kwanza mizani. Kisha mwenzako aishike, nawe uondoke hatua 30 ukishika chombo cha kuongozea. Visukani vikitetemeka au visipotii, usiirushe. Tazama betri na antena. Ukielekeza kuume, kibao cha nyuma ya bawa la kuume lazima kiinuke juu. Kikishuka, umeunganisha kinyume. Na ndege inapokujia usoni, kuume kwake ni kushoto kwako. Hapo wengi huzivunja.

Nawe, baba mzazi, usikasirike upesi. Injini ya mtumbwi ikikataa kuwaka, fundi haitupi ziwani. Hutazama mafuta, kisha plagi, kimoja kimoja, mpaka apate kosa. Mwanao anajifunza kazi hiyo hiyo kwa katoni isiyo na bei, tena anapima, anagawa na kuandika. Je, huko si kusoma?

Kijana, rudi ufukoni kesho asubuhi na punje zako za udongo. Ukimaliza jaribio la kumi, tuandikie. Na ukiweza, mwalike baba yako aje kuona.