Panga la Msimbazi Lipumzike Mwaka Huu



Wiki hizi za likizo mafrateri tumetawanyika. Wengine tuko parokiani tukisaidia mafundisho na kutembelea jumuiya, wengine tuko nyumbani tukilima na wazazi. Tunapopigiana simu tunaulizana kwanza hali ya wazee, kisha bila kupumua tunaulizana nani kaongezwa Msimbazi na nani kapewa mkono wa kwaheri. Tunaandika makala hii kama mashabiki wa Simba. Wenzetu wa Yanga mnaosoma ukurasa huu tunaomba mtuvumilie. Mna misimu minne ya kutucheka, na dakika chache za kutusoma hazitawapunguzia raha.

Wapo waamini wanaotuuliza kama inafaa mseminari kuumia moyo kwa ajili ya mpira. Tunawajibu kwamba Baba Mtakatifu Fransisko, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa mwanachama wa San Lorenzo ya kwao Argentina, timu iliyoanza chini ya ulezi wa padre Msalesiani, Lorenzo Massa, na hakuwahi kuona haya kulisema. Basi na sisi tuseme letu.

Hali ni hii. Simba ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Baada ya hapo kombe lilikaa Jangwani, nalo kwa misimu minne hadi 2024/25. Hadi mwisho wa msimu wa 2024/25 tulikuwa tumepoteza dabi tano mfululizo, kuanzia ile Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 tulipofungwa 5-1, siku ambayo baadhi yetu tulikwenda kwenye masifu ya jioni tukiwa hatusikii zaburi hata moja. Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa tatu, pointi sawa na Azam, 69 kwa 69, wao wakatupita kwa mabao. Ndipo likatolewa panga. Wakaondoka John Bocco, Saido Ntibazonkiza, Henock Inonga na wengine. Clatous Chama akavuka barabara akaenda kwa watani. Wakaja wapya zaidi ya kumi kwa mkupuo, na kocha mpya juu yao, Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini.

Dirisha la usajili lilipofunguliwa tena baada ya msimu wa 2024/25, vijiweni sauti ilikuwa ileile: wote waondoke, tuanze upya. Hapa ndipo tunapotofautiana na mashabiki wenzetu. Tunadhani timu hii isivunjwe. Tunadhani kuvunjwavunjwa ndiyo sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe.

Hebu tuwahesabu makocha tu. Didier Gomes aliondoka Oktoba 2021. Akaja Pablo Franco, akaondoka kabla msimu haujaisha. Akaja Zoran Maki, akakaa wiki chache. Juma Mgunda akaibeba timu, akaja Robertinho, akaondolewa baada ya zile tano. Akaja Abdelhak Benchikha, akaenda zake Aprili 2024, na Mgunda akaitwa tena kuzima moto. Kisha Fadlu. Kila mmoja kati ya hawa alikuja na mpira wake, na karibu kila mmoja alitaka watu wake. Aliyekuwa winga hodari kwa huyu akawa mzigo kwa yule. Kwa hiyo kila dirisha tukawa tunanunua wachezaji wa kocha ambaye dirisha linalofuata hatakuwepo.

Mtu atasema: mbona hata Yanga hubadilisha makocha? Ni kweli, na swali hilo ndilo linalotusaidia. Msimu wa 2024/25 Yanga ilianza na Miguel Gamondi, ikampata Sead Ramovic, ikamaliza na Miloud Hamdi. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja, na bado ikachukua ubingwa. Iliwezaje? Angalieni nani walikuwa uwanjani. Djigui Diarra yuko golini tangu 2021. Khalid Aucho alifika mwaka huohuo. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union mwaka 2020, Dickson Job akatoka Mtibwa Sugar mwanzoni mwa 2021, na Ibrahim Bacca akafuata kutoka KMKM ya Unguja mwaka mmoja baadaye. Huo ni uti wa mgongo uliocheza pamoja mpaka beki anajua kipa atatoka saa ngapi bila kuambiwa. Kocha akija anakuta nyumba ina nguzo, yeye anapanga viti. Kwetu kocha akija anakuta kiwanja.

Inatuuma kuandika sifa hizi, lakini ukweli utatuweka huru.

Na je, kikosi chetu kilikuwa kibovu kiasi hicho? Tarehe 25 Juni 2025 tulikwenda kwenye dabi ya mwisho tukiwa na pointi 78 na Yanga 79. Wao sare iliwatosha, sisi tulihitaji kushinda. Waliokuwa parokiani waliomba ruhusa kwa baba paroko, waliokuwa nyumbani walikaa kwenye mabenchi ya vibandaumiza, na wote tuliona jambo moja: tulifungwa 2-0. Lakini ligi nzima iliamuliwa siku ya mwisho. Mwezi mmoja nyuma, timu hiyohiyo ya wageni waliokutana Julai ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilifungwa 2-0 kule Berkane, ikapindua nusu ya kazi pale Amaan kwa bao la Joshua Mutale, ikabaki pungufu baada ya Yusuph Kagoma kutolewa kwa kadi nyekundu, na mwishoni kabisa ikasawazishiwa. Kabla ya hapo, mechi na Al Masry: tulifungwa mbili Misri, tukarudisha mbili Dar es Salaam, na Moussa Camara akatuvusha kwa penalti. Timu iliyokufa haifanyi hayo. Mara ya mwisho Simba kufika fainali ya Afrika ilikuwa 1993, ilipofungwa na Stella ya Abidjan hapahapa nyumbani. (Jean Charles Ahoua, mfungaji bora wa ligi msimu wa 2024/25 kwa mabao 16, tumemtoa Stella hiyohiyo. Wazee waliokuwepo 1993 wanasema deni limeanza kulipwa.)

Kwa hiyo tunachoomba ni usajili mdogo wenye macho. Mahali pa kwanza ni beki wa kushoto. Mohamed Hussein, Tshabalala wetu, aliyekuja kutoka Kagera Sugar mwaka 2014 akawa nahodha, ameondoka, na ameondoka kwenda kulekule kwa watani. Wengine wamemtukana. Sisi hatumtukani. Miaka kumi na moja ya jasho si kitu cha kufutwa kwa sababu mkataba umekwisha. Swali letu ni kwa wanaopanga kikosi: kwa miaka yote hiyo, nani alikuwa analelewa nyuma yake? Kulia tuna Shomari Kapombe, naye si kijana tena. Swali hilohilo litakuja mlangoni kwake, na afadhali lijibiwe leo angali anaweza kumfundisha mrithi wake mazoezini.

Mahali pa pili ni katikati. Fabrice Ngoma ameondoka, na bila mtu wa kuutuliza mpira Kagoma atakuwa anakimbia peke yake kama mlinzi wa shamba kubwa. Katika mechi ngumu za msimu wa 2024/25 tulikuwa na haraka mno. Tulipata mpira, tukaupeleka mbele, ukarudi. Tunahitaji kiungo wa kuuficha kwa dakika mbili tatu watu wapumue.

Mahali pa tatu ni mshambuliaji wa kati. Hapa hata sisi hatukubaliani. Wengine wetu tunasema Steven Mukwala akipewa imani na mechi mfululizo anatosha. Wengine tunasema kwenye dabi na kwenye fainali tulikosa mtu ambaye nafasi moja kwake ni bao moja. Simu moja juu ya jambo hili ilikwisha vocha kabla ya kufikia mwafaka.

Zaidi ya hao watatu au wanne, tusiguse. Camara abaki, Abdulrazack Hamza na Chamou Karaboue wabaki wacheze pamoja msimu wa pili, Elie Mpanzu apewe msimu mzima, maana tulianza kumtumia katikati ya msimu. Na kocha abaki. Tunalirudia hili kwa sababu ndilo tunaloliogopa zaidi.

Lakini lipo jambo ambalo ndilo hasa lilitufanya tuandike, nalo ni la Ladack Chasambi.

Tarehe 6 Februari 2025, Simba ilikuwa Babati ikicheza na Fountain Gate. Tulikuwa tunaongoza 1-0. Chasambi, kijana aliyekuja kutoka Mtibwa Sugar Januari 2024, aliurudisha mpira nyuma kwa kipa wake. Camara hakuwa pale alipodhani yuko. Mpira ukaenda taratibu, ukaingia wavuni. Mechi ikaisha 1-1. Kila mtu aliyeona anaukumbuka uso wa yule kijana.

Yaliyofuata kwenye simu za mashabiki hatuwezi kuyaandika hapa. Tunajua hesabu: zile pointi mbili zingetupeleka kwenye dabi ya mwisho tukihitaji sare tu. Hesabu hiyo ni ya kweli na inauma. Lakini walioandika matusi yale wengine ni watu wa Misa ya kwanza. Tuseme wazi, wengine ni sisi. Usiku ule kuna maneno yaliyosemwa katika chumba chetu cha mapumziko na vijana waliovaa kanzu asubuhi yake, na yule aliyekuwa anasemwa ni mtu wa rika letu. Tukikosea katika somo la falsafa tunaitwa na mlezi, tunaelekezwa, tunapewa mtihani wa marudio. Tukikosea liturujia mbele ya waamini, baba paroko anatucheka sakristia na Jumapili inayofuata tunapangwa tena. Yeye alikosea mara moja, mbele ya nchi nzima, na nusu ya nchi ikataka jina lake lifutwe kwenye usajili wa dirisha linalofuata.

Hili lina uhusiano mkubwa na ujenzi wa kikosi. Kanuni za ligi yetu zinaruhusu wachezaji wa kigeni 12 kwa kila klabu. Hatuna neno nao. Mpanzu ni ndugu yetu kama Kibu Denis, na timu inayotaka kushinda Afrika haiwezi kufunga mlango. Lakini nafasi zote zinazobaki ni za vijana wa hapa, na kijana wa hapa anahitaji kitu ambacho pesa hainunui, yaani ruhusa ya kukosea na kupangwa tena. Jonas Mkude alipanda kutoka kikosi cha vijana cha Simba akakaa miaka mingi kwa sababu kuna makocha waliomvumilia alipokuwa mdogo. Clement Mzize aliyetufunga Juni 25 alilelewa katika timu ya vijana ya Yanga. Mwanzoni alikuwa akikosa mabao ya wazi hadi watani wenyewe wakishika vichwa. Walimwacha acheze. Msimu wa 2024/25 alifunga mabao 14.

Sisi kwetu kijana akikosa mara mbili anapelekwa kwa mkopo, akirudi anakuta amesajiliwa mtu juu yake. Malezi ya padre kutoka seminari ndogo hadi upadrisho huchukua zaidi ya miaka kumi, na hakuna askofu anayewaondoa mafrateri wote kila Julai na kuleta wapya kwa sababu Pasaka kwaya iliimba vibaya. Tunajua mpira una haraka kuliko altare. Mechi iko Jumamosi, na mdhamini anataka kombe. Hatuombi miaka kumi. Tunaomba misimu miwili, kikosi kilekile, kocha yuleyule, na Chasambi au kijana mwingine kama yeye apangwe hata kama wiki iliyopita aliharibu.

Ndugu yetu mmoja wa Yanga tuliyemsomea rasimu hii kwa simu alicheka sana, akasema anaomba viongozi wa Simba wasiisome. Tumeichukua kama sifa.

Mwaka wa masomo ukifunguliwa tutarudi kwenye chumba kilekile cha mapumziko, Wekundu mabenchi ya kushoto, Wananchi kulia, mlezi mmoja katikati akijifanya hana timu. Siku ya mechi ya kwanza, kikosi kitakapoonyeshwa kwenye televisheni, tutahesabu majina. Tukikuta manane tuliyokuwa tunayajua mwezi Mei, tutakaa kuangalia mechi. Tukikuta matatu, baadhi yetu tumekwisha kusema tutakwenda kumwagilia bustani.