Damu ya Ndugu Nayo Ipimwe

Mwandishi adaiye kwamba damu za ndugu wa tumbo moja hazikataani, na kwamba kuwapima jamaa wanaomtolea mgonjwa damu katika hospitali za Kisii na Nyamira ni kupoteza wakati, hana hoja. Baba wa kundi A na mama wa kundi B waweza kuzaa watoto wa makundi yote manne. Udugu, basi, wathibitisha nini? Tena adai eti damu hushikamana kwa baridi ya milimani! Baridi ya Keroka haiufikii moyo, wenye joto la nyuzi 37. Sababu aliibainisha Karl Landsteiner huko Vienna mwaka 1901: tone la kundi A, likikorogwa juu ya kigae cheupe pamoja na kingamwili za kulipinga, hufanya chengachenga nyekundu mara moja, kwa kuwa kila kingamwili, yenye ncha kumi za kunasia, huzifunga seli hii na ile. Hayo yakitukia mishipani, seli hupasuka na figo huharibika. Na mtoto aliyekwisha kupungukiwa damu kwa malaria hana akiba ya kustahimili ghururi ya mtu asiyetaka kungoja vipimo.