Kanuni Nazo Ziwe na Mizani

Malenga wenzangu, mshororo wenye mizani pungufu ni guni, hata maneno yake yawe matamu vipi. Sheria nayo ni vivyo hivyo: ikimwelemea mdogo na kumruka mkubwa, ni guni.

Tukumbuke mwaka 2018. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilipoanza kutumika Tanzania, mwenye blogu alitakiwa alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Hakuulizwa kama ukurasa wake unamwingizia chochote. Wapo waliofunga kurasa zao. Ada zilikuja kupunguzwa, lakini funzo limebaki: mkono wa kanuni humshika kwanza aliye karibu.

Leo wamekuja wakubwa wa akili unde. Mashine zao hufunzwa kwa shehena za matini zinazozolewa mtandaoni, na shairi lililoachwa wazi halina kinga. Hawajabisha hodi, hawajaomba leseni.

Mtaniambia tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Naiheshimu. Lakini hiyo inalinda jina langu na namba yangu ya simu, si utenzi wangu. Utenzi una Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo inatambua hata ngano, mashairi na vitendawili vya jadi, na kumtaka anayevitumia kwa faida nje ya mila aombe idhini. Iliandikwa kabla ya mashine hizi, ila msingi wake ndio niutakao.

Wapo wasemao tukidai haki, wenye mashine watakisusa Kiswahili. Hayo ni matisho, si hoja. Hapa Gungu, mama muuza dagaa hutozwa ushuru, na kesho yake huonekana sokoni. Lugha inayosemwa toka Lamu hadi Kisangani ni soko. Nani atalisusa kwa ajili ya ushuru? Na kuomba kunawezekana: mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Kiswahili kwa kuwaomba watu, nao wakazitoa kwa hiari.

Basi nadai matatu. Mosi, kampuni zitaje matini zilizozitumia. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2024, umekwisha kuzitaka zitoe muhtasari. Kwa nini sisi tufichwe? Pili, mtunzi awe na haki ya kukataa, na akikubali alipwe. Tatu, mzigo upimwe kwa ukubwa wa mkusanyaji. Mwanafunzi anayekusanya maneno ya Kiha ili atunge kamusi asibebeshwe masharti ya kampuni yenye mabilioni. Tukimfunga huyo kwa jina la kudhibiti, tutakuwa tumerudia kosa la 2018, na wakubwa watabaki peke yao uwanjani.

Nami nafunga kwa beti moja, wenye kukosoa wakosoe:

Wenye nguvu wapimeni, wasipite wakivuna,
Mdogo mpunguzeni, mzigo usiofana,
Neno langu liombeni, kuliiba si ungwana,
Sheria bila mizani, haki humo hutaona.