Yamepauka, Hayajafa

Aprili 2024 nilikuwa natoka zamu ya usiku, nasinzia kwenye tramu hapa Brussels, simu ikalia. Mjomba wangu wa Mafia alikuwa ametuma picha tatu na ujumbe wa sauti. Mwamba anaouvulia tangu ujana wake ulikuwa mweupe kama umemwagiwa chokaa. "Mwanangu, wewe umesoma. Hii nini?" Nikamjibu kabla sijafika kituo changu: "Shikamoo mjomba. Yamekufa hayo."

Muuguzi hatamki neno hilo kwa mgonjwa ambaye hajamshika mapigo. Mimi nililitamka nikiwa bara jingine, kwa kutazama picha.

Siku nne baadaye akanipigia. Jibu langu lilikuwa limefika pwani kabla hata yeye hajalitafakari. Vijana walikuwa wanamwambia, "Mwanao wa Ubelgiji kasema mwamba umekufa, sasa tunauchungia nini?" Wawili walitaka kupitisha juya pale, wavu wa kukokota unaovunja kila tumbawe unalogusa. Mafia ina Hifadhi ya Bahari tangu 1995, ya kwanza Tanzania, lakini fungu lile dogo linalindwa zaidi na wazee kukatazana na vijana. Na mimi nilikuwa nimewapa vijana hoja.

Jumamosi hiyo nilikwenda Matonge kununua unga, nikakutana na dada mmoja wa Mombasa anayesomea mambo ya bahari katika chuo kikuu cha VUB. Nikamwonyesha zile picha. Akazikuza kwa vidole, akaniuliza, "Nani kakwambia yamekufa?" Nikanyamaza.

Tulikaa mgahawani karibu saa mbili. Tumbawe ni mnyama, akanieleza, na ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Hao ndio wanaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakizidi joto lake la kawaida la msimu kwa digrii moja tu, yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, mnyama anawatoa wale mwani. Nyama inabaki kama kioo, mifupa meupe inaonekana kwa chini. Yuko hai, ila ana njaa. Kusi ikianza mapema na maji yakapoa, mwani wanaweza kurudi. Joto likiendelea, anakufa, na hapo weupe haudumu: baada ya siku chache majani ya utelezi yanaanza kumfunika. Kwa hiyo mjomba alipoona weupe, huenda bado kulikuwa na uhai. Cha kuogopa zaidi ni rangi ya kijani inayofuata.

Tena haikuwa Mafia peke yake. Tarehe 15 ya mwezi ule ule, shirika la NOAA la Marekani lilitangaza kwamba matumbawe ya dunia yamo katika mpauko mkuu wa nne kurekodiwa. Mjomba anaukumbuka ule wa 1998, uliomaliza sehemu kubwa ya matumbawe ya Tutia, kusini mwa Mafia. Mwaka uliofuata ulianza mpango wa CORDIO wa kuyafuatilia matumbawe ya Bahari ya Hindi, na mpaka leo ofisi yao iko Mombasa.

Kilichonigusa zaidi ni jinsi wanavyopima. Hawaendi kwenye jiwe jeupe kuliko yote, kama alivyofanya mjomba na kamera yake (na nani asingefanya hivyo?). Wanatandaza futi kamba juu ya mwamba, kisha kila baada ya umbali uliopangwa wanaweka fremu ya mraba na kupiga picha, hata ikiangukia mchanga. Wanaandika aina ya tumbawe, na kama ni zima, limefifia, ni jeupe, au limekufa karibuni. Wapo wanaotumia kadi ya rangi iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, yenye vivuli kuanzia 1 hadi 6. Tumbawe likishuka ngazi mbili au zaidi, ni dalili ya hatari. Nilicheka kwa furaha. Ile kadi ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria wingi wa damu, tone kwenye karatasi na vivuli sita vya wekundu, niliitumia kwa wajawazito nikiwa mwanafunzi wa diploma!

Sampuli ni kazi ya nyundo na patasi. Wanachukua kipande kama ukucha, wanakihifadhi kwenye spiriti, na maabara inahesabu mwani waliobaki na kujua ni wa aina gani, maana wapo wanaovumilia joto kuliko wenzao. Tumbawe lililochukuliwa sampuli linafungwa kibao cha namba, ili miezi kadhaa baadaye warudi kwa lile lile. Bila ziara ya pili hujui nani alipona.

Hata kipande hicho hakivuki mpaka bila kibali, kwa sababu matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya mkataba wa CITES. Wazazi, lile tumbawe zuri ambalo watoto wanataka kulitia kwenye begi baada ya likizo, liacheni huko huko. Forodha ya Ulaya italichukua, na faini inaweza kufuata.

Usiku ule nilimpigia mjomba, nikamwomba radhi na kumwomba awaambie vijana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Mmoja alikubali, mwingine akasema wasomi hawana msimamo. Sikuwa na la kumjibu. Lakini juya halikupita.

Mjomba alichagua mawe matatu anayoyajua, akawa anayapiga picha kila bamvua, kandambili yake ikiwa pembeni kama kipimo. Ilipofika Septemba, lile kubwa la mviringo lilikuwa limerudia rangi yake ya kahawia. La pili lilikuwa hai nusu. Lile la matawi, ambalo alisema samaki wadogo walikuwa wakijificha ndani yake, lilikuwa limefunikwa na majani.

Sasa anataka ile kadi ya rangi, iliyotiwa plastiki. Nimempa mama mmoja anayesafiri Desemba.