EKZOSI IKIVUJA, GASKETI NI YA MWAJIRI



Katika mashamba ya chai huku Uganda pikipiki nyingi za kazi ni kuukuu. Zinabeba wanyapara, makarani wa kupima majani, mafundi, na mara nyingine mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Zikianza kupiga "pa! pa! pa!" kila dereva anapoachia mafuta, huambiwa: "Funga waya, endelea na kazi." Au mbaya zaidi: "Gasketi nunua mwenyewe." Sisi wa chama tunalipinga jambo hilo.

Mara nyingi ekzosi huvuja pale bomba linapoungana na silinda. Utaona masizi meusi kando ya nati. Mle ndani mna pete ndogo, ndiyo gasketi. Ikishabanwa mara moja hulala, haifai kurudishwa. Fundi angoje injini ipoe, atie nati mafuta ya kulegeza kutu na kuziacha zinywe, maana stadi ya zamani ikikatikia ndani, kazi ya nusu saa huwa ya siku mbili. Akwangue mabaki yote ya pete ya zamani, aweke mpya, akaze nati kwa zamu, kidogo kidogo, bomba lisivutwe upande mmoja. Bomba lililotobolewa na kutu hukatwa sehemu iliyooza, kisha huchomelewa. Kitambaa, sabuni na kipande cha debe si matengenezo.

Wako wanaosema hizo ni kelele tu. Kwanza kelele zenyewe huharibu masikio. Pili, moshi wa petroli una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Barabarani upepo huipeperusha. Lakini asubuhi ya mvua pikipiki huwashwa ndani ya stoo, mlango umefungwa, na fundi ameinama karibu kabisa na tundu. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, mtu huanguka. Na kwa kuwa hata ekzosi nzima hutoa hewa hiyo, kuwasha injini ndani ya stoo kukomeshwe kabisa.

Nani alipe? Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Hapa Uganda iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayompa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa watu wake. Mwajiri hujibu kwamba pikipiki hizo ni za zamani, karibu zitauzwa. Haya, na ziuzwe! Lakini leo bado zinamfanyia kazi yeye.

Kwa hiyo, ndugu dereva, usitoe hata senti. Andika ubovu huo katika daftari la karakana, pamoja na tarehe na namba ya pikipiki, mbele ya shahidi. Wiki ikipita bila jibu, nakala iletwe kwa katibu wa tawi.